Gololi za Gurudumu

Masomo ya kazi za mikono

1. Kinga na mizigo yake

Chombo hiki wengine hukiita kinga, wengine baisikeli, wengine velo. Jina lo lote utakalolitaja, chombo ni kile kile: magurudumu mawili, mnyororo, na nguvu za miguu ya mtu.

Katika Kongo kinga hufanya kazi nyingi. Mwalimu huenda nayo shuleni. Katekista huipanda kwenda kufundisha katika vijiji vya mbali. Mgonjwa hukalishwa nyuma na kupelekwa hospitali. Kandokando ya Lubumbashi wanaume hutoka katika misitu ya miombo wakisukuma kinga zenye mifuko ya makala. Mara nyingine mzigo ni mrefu kupita kichwa cha mwenye kuusukuma.

Mwenye kinga hutazama nini? Hutazama mipira, kwa sababu ikipasuka huiona mara moja. Hutazama mnyororo, kwa sababu ukikatika huusikia. Lakini kuna vitu vidogo vilivyofichwa vinavyochukua uzito wote wa mtu na wa mzigo. Hakuna anayevifikiri mpaka siku vinapovunjika. Vitu hivyo ni gololi.

2. Ndani ya kitovu

Tazameni gurudumu la kinga. Katikati yake kuna chuma cha mviringo, ndipo spoki zote zinapofungiwa. Chuma hicho huitwa kitovu. Ndani ya kitovu hupita fimbo ya chuma iliyonyoka. Huo ndio mhimili. Mhimili umefungwa kwa nati katika fremu ya kinga, nao hauzunguki. Kitovu ndicho kinachozunguka.

Kama kitovu kingezunguka juu ya mhimili bila kitu katikati, chuma kingesuguana na chuma. Kingepata joto, kingelika, na mpandaji angechoka upesi. Kwa hiyo mafundi waliweka gololi kila upande wa kitovu. Gololi ni mipira midogo ya chuma kigumu sana, iliyo laini na ya mviringo kabisa.

Gololi zinakaa kati ya vipande viwili. Kipande cha nje huitwa kikombe. Kimeshikwa ndani ya kitovu nacho huzunguka pamoja nacho. Kipande cha ndani huitwa koni. Huzungushwa juu ya nyuzi za mhimili kama vile nati inavyozungushwa. Nyuma ya koni kuna nati nyembamba inayoizuia koni isiondoke mahali pake. Hiyo ni nati ya kufunga. Katikati ya vipande hivyo hutiwa mafuta mazito, maana yake grisi.

Fanyeni jaribio. Wekeni kitabu kizito juu ya meza na kukisukuma kwa kidole kimoja. Ni vigumu. Sasa wekeni chini yake gololi za kuchezea, mkisukume tena. Kitabu kinakwenda chenyewe! Uzito haukupungua hata kidogo. Ila mwanzo kitabu kilisugua meza, na sasa kinabingirika. Hiyo ndiyo siri ya gurudumu.

3. Walioanza

Katika mwaka wa 1794 Philip Vaughan, mtu wa Wales, alipewa hati ya serikali kwa gololi alizoweka katika mhimili wa gari la farasi. Katika mwaka wa 1869 fundi Mfaransa, Jules Suriray, alipata hati ya namna hiyo kwa ajili ya kinga. Mwaka ule ule, tarehe 7 Novemba, watu walishindana kutoka Paris mpaka Rouen, mwendo wa kilometri 123. Mshindi alikuwa Mwingereza James Moore, na kinga yake ilikuwa na gololi. Alitumia muda wa saa 10 na zaidi, kwa maana kinga za siku zile zilikuwa nzito, wala hazikuwa na mipira ya upepo.

Lakini kazi ya kutengeneza gololi nyingi zilizo sawasawa ilikuwa ngumu. Katika mwaka wa 1883 Friedrich Fischer, wa mji wa Schweinfurt katika Ujeremani, alitengeneza mashine ya kusaga gololi hata zote ziwe za mviringo kamili na za kipimo kimoja. Tangu hapo gololi nzuri ziliweza kutengenezwa kwa wingi.

4. Adui wa gololi

Gololi zina adui watatu: vumbi, maji, na uvivu wa mwenye kinga.

Katika Katanga kiangazi huanza mwezi wa Mei na kwisha karibu na Oktoba. Vumbi jekundu huingia kila mahali. Likichanganyika na grisi huwa kama msasa wa seremala, nalo hukwaruza gololi kila gurudumu linapozunguka. Kisha huja mvua. Mtu huvuka kijito, na maji hufika mpaka katika kitovu. Maji huondoa grisi na kuleta kutu.

Adui wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu huwafungulia wengine mlango. Grisi huzeeka. Mtu akikaa miaka mitatu bila kufungua kitovu, atafungua na kukuta matope meusi yaliyokauka.

Wengine humimina mafuta mepesi juu ya kitovu kwa nje, wakidhani wamefanya kazi. Kumbe mafuta hayo huchukua vumbi la nje na kulipeleka ndani, tena huiyeyusha grisi iliyobaki.

5. Namna ya kujua ugonjwa

Inua gurudumu lisiguse chini. Kisha fanya mambo matatu.

Kwanza, shika ukingo wa gurudumu, ulisukume kuume na kushoto. Likicheza huku na huku, koni imelegea au vitu vya ndani vimelika.

Pili, lizungushe ukasikilize. Gurudumu zima husema kidogo sana. Likitoa sauti ya kusaga kama jiwe la kusagia mtama, kuna uchafu au gololi mbovu.

Tatu, weka mkono juu ya fremu karibu na mhimili wakati gurudumu linapozunguka. Mara nyingine mkono husikia mtetemo ambao sikio halikuusikia.

6. Kijana wa makala

Kijana mmoja mwenye kuuza makala alifika kwa fundi wa kinga kando ya barabara. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Kinga yake ilikuwa kuukuu, kwa maana baba yake aliitumia kabla yake. Gurudumu la nyuma lilicheza huku na huku na kutoa sauti ya kusaga.

— Jambo, baba.

— Jambo, mwana wangu. Kinga yako inalia. Imeanza lini?

— Tangu mwezi uliopita, baba. Fundi mwingine aliikaza, nayo ikanyamaza juma moja. Nawe unikazie tu. Kesho ni siku ya soko, na mifuko miwili ya makala inaningoja porini. Jumatatu sharti nilipe feza za masomo ya mdogo wangu.

Fundi aliinua gurudumu, akalisukuma, akasikiliza.

— Mwana wangu, ugonjwa haukupona. Ulizibwa kinywa tu. Nikikaza tena, leo utaondoka ukifurahi, na kesho utalala njiani pamoja na makala yako.

Kijana akatazama chini.

— Baba, sina feza za gurudumu jipya.

— Hatujui bado kama linatakiwa. Tufungue kwanza, tuone. Fundi anayetaja bei kabla ya kuona huenda akamwibia mwenzake.

Kijana akakubali. Fundi akatandika kitambaa cheupe chini ya mwembe, akaanza kazi. Fuateni hatua zake.

7. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza. Fundi alifungua nati mbili kubwa za nje, akatoa mnyororo kwenye meno ya nyuma, akatoa gurudumu. Kila kipande alikiweka juu ya kitambaa kwa safu, kwa jinsi kilivyotoka, ili kila kitu kirudi mahali pake.

Hatua ya pili. Alifungua upande wa kushoto tu. Aliishika koni kwa spana nyembamba isizunguke, na kwa spana nyingine alifungua nati ya kufunga. Kisha akatoa koni. Upande wa mnyororo hakuugusa. Sababu yake ni hii: koni ya upande ule ikibaki mahali pake, mhimili utarudi katika kipimo chake cha kwanza, na gurudumu litakaa katikati ya fremu.

Hatua ya tatu. Alilaza gurudumu juu ya kitambaa, akavuta mhimili polepole kutoka upande wa mnyororo. Gololi zikaanguka juu ya kitambaa. Mtu anayefungua kitovu juu ya mchanga atatafuta gololi mpaka jioni! Fundi alizihesabu. Upande wa mnyororo zilikuwa 9. Upande wa kushoto zilitoka 8 nzima, na moja iliyopasuka vipande viwili.

— Tazama, mwana wangu. Vipande hivi ndivyo vilivyokuwa vikisaga. Yule aliyekaza alivibana zaidi.

Hatua ya nne. Alisafisha kila kitu kwa mafuta ya taa na kitambaa. Hakutumia esanse ya motokari, kwa maana hushika moto upesi sana. Hata mafuta ya taa aliyaweka mbali na jiko. Mafuta machafu hakuyamwaga chini karibu na kisima, bali aliyatia katika mkebe.

Hatua ya tano. Alichungua. Gololi nzuri hung'aa kama kioo, na mbovu huwa na rangi ya kijivu au vishimo vidogo. Kisha alitazama koni. Koni ya upande wa mnyororo ilikuwa na mstari mmoja laini mahali gololi zinapopita. Mstari kama huo si ubaya. Lakini koni ya kushoto ilikuwa na vishimo vingi, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Sharti ibadilishwe.

Sasa vilibaki vikombe. Fundi alichukua sindano nene, akaipitisha polepole ndani ya kikombe cha kushoto, pande zote. Kijana alimtazama bila kusema neno. Kikombe kikiharibika, mara nyingi sharti kubadili kitovu kizima, na spoki zote zifunguliwe na kusukwa upya. Sindano ilipita bila kukwama.

— Kikombe ni kizima, fundi akasema. Ungekuja baada ya mwezi mmoja, nisingesema hivyo.

Mwisho alibingirisha mhimili juu ya kipande cha kioo. Ulibingirika bila kuruka, basi haukupindika.

Hatua ya sita. Kijana alikwenda dukani na koni ya zamani mkononi, ili apate mpya ya nyuzi na umbo lile lile. Alinunua na gololi 18.

— Lakini baba, akauliza, moja tu ilipasuka. Kwa nini kununua 18?

— Kwa sababu zile za zamani zimepungua kidogo. Jicho halioni, lakini chuma kinaona. Ukiweka moja mpya kati ya nane za zamani, ile mpya ni kubwa kuliko wenzake. Itachukua mzigo wote peke yake, nayo itapasuka kama ya kwanza.

Hatua ya saba. Alipaka grisi mpya nyingi ndani ya vikombe. Akapanga gololi moja moja. Grisi ilizishika zisianguke. Kijana alihesabu kwa sauti: tisa upande huu, tisa upande ule. Katika kinga nyingi za zamani gurudumu la nyuma lina gololi 9 kila upande, za milimetri 6,35. La mbele lina 10 kila upande, za milimetri 4,76. Hata hivyo, kila mtu ahesabu na kupima zile zilizotoka katika kinga yake mwenyewe. Kati ya gololi sharti ibaki nafasi ndogo. Zikizidi, zitabanana na kusuguana. Zikipungua, kila moja itachukua uzito kupita kiasi.

Hatua ya nane. Alirudisha mhimili kutoka upande wa mnyororo, polepole na kwa kunyoka, usiguse gololi na kuziangusha. Akazungusha koni mpya upande wa kushoto.

8. Kukaza na kulegeza

Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Koni ikikazwa mno, gololi husagwa. Ikilegezwa mno, gurudumu hucheza na gololi hugongana. Kazi yote ya kusafisha inaweza kupotea kwa kosa hili moja.

Fundi alizungusha koni kwa vidole mpaka ikagusa gololi. Akairudisha nyuma kidogo sana. Kisha akaishika kwa spana nyembamba, na kwa spana nyingine akakaza nati ya kufunga juu yake. Akashika ncha za mhimili kwa vidole, akauzungusha. Mhimili ulikwenda kwa kukwama-kwama. Kumbe nati ya kufunga ilipokazwa iliisukuma koni mbele.

Fundi hakukasirika. Alifungua tena, akarudisha koni nyuma kidogo, akafunga, akajaribu. Sasa ulicheza. Akafungua mara ya tatu. Safari hii mhimili ulizunguka laini kabisa, wala haukucheza. Kijana aliyekuwa na haraka asubuhi hakusema tena habari ya haraka.

Fundi alirudisha gurudumu na mnyororo, akakaza nati za nje, kisha akajaribu kwa kushika ukingo, kama mwanzo. Gurudumu halikucheza, wala halikulia.

Kwa gurudumu la mbele kuna jaribio jingine zuri. Inua gurudumu, uiweke valvu, mahali pa kutilia upepo, upande mmoja wa gurudumu, si juu wala chini. Kisha achilia bila kusukuma. Mahali pazito pa gurudumu, ambapo mara nyingi ndipo valvu ilipo, patashuka penyewe, patapanda kidogo upande wa pili, na kurudi mpaka kutulia. Likisimama ghafula, koni imekazwa mno.

— Uirudishe baada ya siku chache, fundi akasema, tutazame tena kama koni haikusogea. Hutalipa kitu.

Kesho yake mifuko miwili ya makala ilifika sokoni.

9. Mafundisho

Wazee husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika kinga, ufa ni grisi iliyozeeka. Mtu asipoibadilisha, gololi zitaharibika. Asipobadilisha gololi, koni itakuwa na vishimo. Asipobadilisha koni, kikombe kitakufa, na pamoja nacho kitovu kizima. Grisi na gololi ni franka chache. Kitovu kipya na kazi ya kusuka spoki ni feza nyingi, na siku kadhaa bila kwenda sokoni.

Mkumbuke pia yule fundi wa kwanza. Hakuiba spana wala gololi. Alizungusha koni tu, akapokea feza, na sauti ikanyamaza. Lakini alimwuzia mwenzake ukimya badala ya dawa. Kazi iliyofichwa ndani ya kitovu haionekani na mteja. Mungu anaiona, na barabara itaifunua. Yesu mwenyewe aliishi miaka mingi Nazareti katika nyumba ya Yosefu seremala, akafanya kazi ya mikono. Mkristu anayefanya vizuri kazi isiyoonekana anafuata mfano huo.

Basi, kila mwaka mvua ikiisha, fungueni vitovu vya kinga zenu, visafisheni na kutia grisi mpya. Mwenye kubeba mizigo mizito afanye hivyo mara mbili kwa mwaka. Nanyi mliosikia gurudumu likilia leo, msingoje mwezi ujao.

Maneno ya kukumbuka

Kitovu: chuma cha katikati ya gurudumu, kinachofungiwa spoki.
Mhimili: fimbo ya chuma inayopita ndani ya kitovu.
Kikombe: njia ya gololi iliyo ndani ya kitovu.
Koni: kipande kinachozungushwa juu ya mhimili na kushika gololi.
Nati ya kufunga: nati nyembamba inayoizuia koni isisogee.

Maulizo

1. Katika gurudumu la kinga, ni kitu gani kinachozunguka, na kitu gani kisichozunguka?
2. Taja adui watatu wa gololi. Kwa nini wa tatu ni mbaya kuliko wengine?
3. Kwa nini fundi hakufungua upande wa mnyororo?
4. Gololi moja ikipasuka, kwa nini hubadilishwa zote?
5. Fundi alijuaje kwamba kikombe ni kizima?
6. Kwa nini fundi alifungua na kukaza koni mara tatu?
7. Fundi wa kwanza alikosa nini? Eleza kwa maneno yako.

Kazi ya kufanya

Omba ruhusa ya baba, mjomba au jirani mwenye kinga. Inua gurudumu la mbele, ufanye majaribio ya sehemu ya 5, kisha lile la valvu. Andika katika daftari ulichokiona na ulichokisikia. Ukikuta ugonjwa, mwambie mwenye kinga leo hii.